Jozi ya Namba Tisa

Mgeni alifika siku moja kabla ya ile aliyotegemewa. Mkononi alikuwa na begi dogo la nguo, na kwapani buti moja la jeshi, la mguu wa kushoto, lililong'arishwa mpaka ungeweza kujitazamia na kuchana nywele.

"Nimewahi," alisema mlangoni. "Nimeona nikichelewa mtamsoma mwanangu bila mimi."

Sajini alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya kazi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, wodi ya majeruhi, hospitali ya jeshi, ambako tangu saa nane alikuwa akibembelezana na dereva mmoja wa kitanda cha sita. Dereva yule alikatwa mguu wa kulia wiki tatu zilizopita, na tangu hapo amegeukia ukuta na hataki hata kukalishwa. Kichwa cha Sajini kilikuwa bado kiko kule. Ilimchukua muda neno "mtamsoma" kumfikia, na lilipomfikia alimtazama mumewe.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, alikuwa barazani kwenye meza yake ya kushonea viatu. Aliinamia kiatu cha mteja kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Karibu mama, karibu sana," Sajini alisema. Akapokea begi. Buti hakupewa.

Binti yao aliambiwa ahamishe godoro lake sebuleni, akahama akinung'unika kwa adabu. Mgeni akaenda kuoga. Sajini akamfuata Fundi barazani, akavuta kigoda, akakaa karibu naye kabisa.

"Fundi. Umemwambia nini mama wa watu?"

"Nimemwambia aje."

"Aje kufanya nini?"

"Kusikia jina la mwanawe Jumamosi. Si siku ya kuwasoma waliokufa vitani? Nikampigia simu, nikamwambia mama, njoo, Kipenga anasomwa."

"Nani alikwambia anasomwa?"

"Sasa hilo nalo la kuambiwa?" Fundi aliweka nyundo chini. "Lori moja, bomu moja, mimi likanichukulia wa kushoto, yeye likamchukulia wa kulia, na mwisho wake likamchukua mzima. Asiposomwa huyo, asomwe nani?"

Sajini alikitazama kiatu cha mteja. Orodha ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa kambi tangu Jumatatu. Ilikuwa na majina ishirini na matatu, na la Kipenga halikuwamo.

"Ulikuwa unajua," Fundi alisema taratibu.

"Nimejua Jumatatu."

"Leo Alhamisi, Afande." Alimwita Afande kila mara, kwa utani. Safari hii utani haukuwemo.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Nilimuuliza karani. Akanitolea fomu ya kifo. Orodha inachukua waliouawa na adui au waliokufa kwa majeraha. Kwenye fomu ya Kipenga, sababu ya kifo imeandikwa homa ya mapafu."

"Mjinga gani kaandika hivyo?"

Sajini alijitazama vidole.

"Lo," alisema Fundi. Akaokota nyundo, akaigeuza, akaiweka tena.

*

Pale hospitalini, kama ulikuwa hujui, stoo ya jeshi haina habari na miguu. Ina habari na jozi. Askari mwenye mguu mmoja hapewi buti moja, maana kwenye daftari la stoo hakuna nafasi ya kuandika moja. Akipewa jozi, moja linabaki chini ya kitanda kuwakumbusha wote kilichotokea. Sajini ndiye aliyechoka na mabuti yale ya chini ya vitanda. Akaanza kuwaunganisha wagonjwa: huyu hana kulia, yule hana kushoto, namba zenu zinalingana, sainini hapa pamoja. Wodi nzima ikawa inawaita mapacha wa buti. Waliogombana aliwapatanisha. Mmoja aliyenenepa mguu akabadilishiwa pacha, na ikawa kesi ya wiki nzima.

Fundi na Kipenga walikuwa mapacha wa namba tisa. Fundi alipona, akaacha jeshi, akafungua meza ya viatu barazani kwake. Mguu wa bandia alijaribu mara mbili, akautundika nyuma ya mlango, akasema unamng'ata kuliko lile bomu. Kipenga yeye mfupa ulikataa kupona. Alilala, akafanyiwa upasuaji, akaamka, akalala tena. Lakini kila Jumapili Fundi alivaa buti lake la kulia akaenda wodini, Kipenga akavaa la kushoto, na wawili wale wakatembea korido bega kwa bega, magongo manne, kelele tupu, Kipenga akipiga mluzi. Ndiyo maana ya jina. Alipiga mluzi mpaka daktari akaupiga marufuku.

Miezi ishirini. Halafu mapafu yakajaa, na alfajiri moja, miezi minne iliyopita, Kipenga akanyamaza.

*

Mchana walikula. Mgeni alisifia mboga, akasifia mapazia, akasifia binti alivyo mrefu. Buti lilikuwa kwenye kiti cha pembeni yake kama mtu wa tano mezani.

"Nimeshona gauni," alisema. "La bluu. Majirani wameniuliza, unakwenda harusini? Nikawaambia nakwenda kumsikia mwanangu. Mtanikalisha wapi? Nisikalishwe nyuma tu, sikio hili moja limeanza kuniangusha."

Fundi aliomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Sajini aliacha kijiko. Alikuwa mtu wa kuwaambia watu habari nzito. Ndiyo kazi yenyewe, na alikuwa na sauti yake maalumu ya kazi hiyo. Sauti ile ilikataa kuja. Ikaja ya kawaida, ya nyumbani.

"Mama, jina la Kipenga halimo kwenye orodha. Na ni mimi."

Akaeleza yote. Fomu ina mstari mmoja tu wa sababu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa zamu. Aliandika kitu cha mwisho alichokiona, mapafu, daktari akaja akasaini juu juu, karatasi ikaenda zake. Mgeni alisikiliza huku akiokota punje za wali pembeni ya sahani, moja moja.

"Uliandika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Mwisho wa zamu."

"Ulikuwa umeshamwosha?"

"Nilikuwa nimemaliza kumwosha, mama."

"Ulikuwa unalia?"

Sajini alimtazama binti yake, ambaye hajawahi kumwona akilia, akamtazama Fundi. "Nilikuwa nalia."

Mgeni akajifuta mikono. "Basi kaandike tena ukiwa hulii."

Akasogeza sahani na kuomba aongezewe mchuzi.

*

Ijumaa asubuhi Sajini alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Meja wa utawala, na mapajani alikuwa na vitabu vinne vya zamu vilivyofungwa kwa bandeji. Karani, mvulana wa juzi tu ambaye Sajini alimdunga chanjo zake zote, alimuuliza jina, cheo na shida.

"Jina unalijua."

"Utaratibu, Sista."

Akajibu jina, cheo na shida, kwa sauti, mbele ya watu sita waliokuwa wakingoja likizo zao. Aliposema "nimekosea kujaza fomu ya kifo," wote sita walimgeukia.

Meja alikuwa mtu mkavu, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliisoma ile fomu mara mbili.

"Sajini, unataka kuniambia hati uliyoijaza mwenyewe ni ya uongo?"

"Si ya uongo, afande. Ni fupi."

"Mapafu yalijaa au hayakujaa?"

"Yalijaa. Yalijaa kwa sababu alilala miezi ishirini. Alilala kwa sababu mfupa ulikuwa unaoza. Mfupa ulioza kwa sababu lori lilikanyaga bomu. Mimi niliandika mwisho wa habari nikaacha mwanzo."

"Una ushahidi gani?"

Akafungua bandeji. Meja akavuta kitabu cha kwanza, akakifungua katikati, kama mtu anayetaka kumaliza haraka. Akasoma. Akageuza. Kila ukurasa, kila zamu, mstari ulikuwa uleule: kitanda cha pili, jeraha la bomu, paja la kulia, limesafishwa. Na baada ya hapo Sajini alikuwa na tabia ya kuongeza maneno mawili matatu, maana zamu za usiku ni ndefu. Meja alipofika kitabu cha pili alisoma kwa sauti bila kukusudia.

"Mgonjwa anapiga mluzi. Mgonjwa ameambiwa na daktari aache mluzi. Mgonjwa amebadilisha wimbo."

Alikohoa. Akafungua cha tatu.

"Mgonjwa na pacha wake wamegonga toroli la chakula. Hakuna aliyeumia ila uji."

Alikohoa tena, safari hii kwa muda mrefu kidogo, akatazama dirishani mpaka uso ukarudi kuwa wa Meja.

"Daktari itabidi asaini upya. Na wewe uandike barua ya kukiri kosa. Unajua bodi ya vyeo inakaa mwezi ujao?"

"Najua, afande." Miaka tisa alikuwa akiingoja bodi ile.

"Barua hii itakaa juu kabisa ya faili lako."

"Basi hawatapata taabu ya kuitafuta."

Meja alimtazama, akampa karatasi na moja ya zile kalamu tatu. Sajini akaandika. Hakulia. Daktari naye alitafutwa, akatokea na kofia ya upasuaji kichwani, akasoma, akasaini polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akamwambia Sajini, "Mara ya kwanza nilisaini bila kusoma. Andika na hilo." Akaandika na hilo.

"Jina la ishirini na nne nitaliongeza kwa mkono," alisema Meja. "Mabuti yake yawe uwanjani kabla ya saa kumi. Jozi kamili. Kila jina jozi moja, zinapangwa mstari, Kanali anazikagua. Jina bila jozi silisomi."

*

Mtunza stoo alifungua daftari, akapitisha kidole.

"Huyu alishapewa. Jozi moja, namba tisa, yeye na mwenzake. Saini yako hii hapa."

"Toa nyingine. Ni ya kuwekwa uwanjani siku moja tu."

"Jozi mpya haitoki mpaka ya zamani irudi. Utaratibu huo uliletwa na nani? Na wewe, Sista, ulipokuja hapa na mapacha wako. Ulisema mabuti yanazagaa."

Ni kweli ulikuwa wake. Akatoka stoo akijicheka, hana la kufanya.

Alimkuta Fundi barazani na buti lake la kulia mapajani, anapaka rangi kisigino. Kesho yake alikuwa asimame na majeruhi wenzake, kwa mara ya kwanza tangu aache jeshi, na kwa wiki nzima alikuwa akilichezea buti lile kuliko viatu vya wateja. Soli alishabadilisha mara tatu. Pembeni kulikuwa na kiraka alichokishona mwenyewe, kazi safi. Mgeni alikuwa kwenye kigoda, anamtazama.

Sajini alieleza. Jina limekubaliwa. Jozi inatakiwa saa kumi. La kushoto lipo.

Fundi alilinyanyua buti, akalipuliza vumbi lisilokuwepo, akampa.

"Chukua. Lilikuwa la wote."

"Kesho utavaa nini?"

Fundi alitazama huku na huku. Kwenye rafu kulikuwa na viatu kama arobaini, vyote vya watu. "Ndala," alisema.

"Baba," binti alisema kutoka dirishani, "utasimama mbele ya Kanali na ndala?"

"Moja tu. Ingekuwa mbili ndiyo ingekuwa utovu wa nidhamu."

Mgeni aliingia ndani, akarudi na la kushoto, akayaweka mawili pamoja sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kukutana baada ya miezi minne. Moja lilimeta kama kioo, jingine lilikuwa na kiraka na kisigino kilicholiwa upande. Sajini akamletea kitambaa, akidhani anataka kuling'arisha na lile. Mgeni alitikisa kichwa.

"Liache lilivyo. Hili limetembea."

*

Jumamosi, askari wa getini aliitazama ndala, akamtazama mwenye ndala.

"Mzee, mavazi rasmi tu."

"Koplo," alisema Sajini, ambaye siku hiyo alikuwa na sare ya sherehe iliyombana kila mahali penye haki ya kubanwa, "buti la mheshimiwa huyu limetangulia. Liko mstari wa mwisho, la ishirini na nne. Ukitaka nenda kalipigie saluti ukaliulize."

Wakapita. Majeruhi walikuwa wamewekewa turubai pembeni, na mgeni katika gauni la bluu akakalishwa mbele, sikio zima likielekea kipaza sauti. Uwanjani mabuti yalikuwa yamepangwa jozi jozi, vidole vikitazama watu. Meja alisoma. Desturi ya kambi ile ni kwamba jina likiitwa, mtu aliyetumikia na marehemu hujibu, "Hayupo. Tupo." Ishirini na matatu yakaitwa, ishirini na matatu yakajibiwa, sauti nyingine nene, nyingine zikikatika katikati.

Meja akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa mkono. Akasoma jina kamili, lile ambalo wodini hata mmoja hakuwahi kulitumia, na kwa sekunde kadhaa hakuna aliyejibu, maana halikuwemo kwenye mazoezi. Mgeni aliinua kichwa.

Fundi akasimama kwa magongo yake na ndala moja. "Hayupo," alisema. "Tupo."

Na kutoka chini ya turubai, kwenye viti vya magurudumu na vitanda vilivyosukumwa mpaka pale, wodi nzima ikasema, "Tupo." Halafu ukasikika mluzi. Mmoja, mfupi, wenye makosa. Meja, aliyekuwa amekesha na vitabu vinne, hakuinua uso. Sajini ndiye aliyegeuka, akamwona daktari anatazama mawingu, midomo bado imechongoka.

Kanali alipita kukagua mstari. Kwenye jozi ya mwisho akasimama. Mtunza stoo akaanza kutokwa na jasho.

"Hii ni jozi kweli?"

"Jozi kabisa, afande," Fundi akajibu kutoka pembeni. "Namba tisa. Imetoka stoo siku moja."

"Mbona moja limechakaa hivi?"

"Hilo lilikuwa likitembea kwa niaba ya mwenzake."

Kanali alilitazama lile buti, akaitazama ndala, akamtazama mama mwenye gauni la bluu, ambaye hakulia wala hakuinama, alikuwa amenyooka kuliko bendera. Akapiga saluti. Askari wa getini, huko aliko, naye akapiga.

*

Jumapili mgeni aliondoka na begi lake la nguo na kwapani mabuti mawili. Fundi ndiye aliyeyafunga kamba pamoja. Mgeni alisema atayaweka mlangoni kwake upande wa ndani, na mtu akimuuliza la nani lile bovu, atamwambia akae, habari yenyewe ni ndefu.

Kwa hiyo Fundi akawa hana buti, na mtunza stoo, ambaye baada ya Jumamosi alikuwa mtu laini, Jumatatu akatoa jozi mpya bila kufungua daftari. Sajini ndiye aliyemlazimisha alifungue. Mbele ya jina la Fundi akaacha nafasi ya jina la pili.

Fundi alifika wodini amevaa la kulia. La kushoto alikuwa amelitundika shingoni kwa kamba zake. Akaenda moja kwa moja kitanda cha sita, akakaa bila kukaribishwa. Dereva alikuwa amegeukia ukuta.

"Namba yako ngapi, ndugu?"

"Sina haja na viatu."

"Sijauliza haja. Nimeuliza namba."

Dereva aliujibu ukuta.

"Tisa."

"Basi una bahati mbaya, umenipata mimi. Natembea haraka na naongea sana. Kaa nikuoneshe kamba zinavyofungwa."

"Mimi nimefunga buti miaka kumi na tano, utanionesha nini?" Dereva akageuka, akajiinua kwa viwiko mpaka mgongo ukafika kwenye mito. "Na hizo umezipitisha vibaya. Lete hapa."

Mezani kwake, Sajini alifungua kitabu kipya cha zamu. Aliandika: Kitanda cha sita, jeraha la bomu, paja la kulia, limesafishwa. Mgonjwa amekaa.

Alitaka kuufunga ukurasa. Akausoma tena, akauona mfupi. Akachukua kalamu, ile ya Meja ambayo alisahau kuirudisha, akaongeza: Mgonjwa anagombana na fundi viatu kuhusu kamba. Fundi viatu anashindwa.